Bingwa aliyekufundisha amelazwa wadini kwako: unamtibuje?

Swali limetoka kwa daktari wa hospitali moja ya wilaya kaskazini mwa Uganda, mwenye miaka mitatu kazini: "Bingwa wetu wa upasuaji, aliyenifundisha hata kushika sindano ya kushonea, amelazwa wadini kwangu. Homa leo siku ya tisa. Kabla ya kuja alimaliza dozi ya dawa ya malaria, artemether-lumefantrine, kisha akajichoma antibayotiki ya ceftriaxone siku tatu. Akiwa kitandani anajirekebishia dripu, ananiambia vipimo gani nisihangaike navyo, na masista wanaogopa hata kumwamsha ameze dawa. Nimtibu vipi bila kumvunjia heshima?"

Pole na kazi, Daktari. Shika jambo moja kabla ya mengine yote: heshima yako kwa Mzee isikupunguzie hatua hata moja ya tiba. Daktari anayeugua mikononi mwa wenzake huzungukwa na ujuzi tele, lakini kila anayemkaribia anaruka kitu kidogo. Huyu anaona haya kumvua shati. Yule haulizi habari za pombe. Mwingine haandiki faili kwa kuwa "yeye mwenyewe anajua". Ukijumlisha, mkubwa wa hospitali ametibiwa kwa uangalifu mdogo kuliko mkulima aliyelala kitanda cha pili. Jambo hili halikuanza leo wala halikuanzia kwetu. Mwaka 1964 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Walter Weintraub, aliandika jinsi wagonjwa wenye vyeo wanavyoharibikiwa hospitalini kwa sababu ya kule kupendelewa kwenyewe.

Kwanza amua kama wewe ndiye unayefaa kumtibu. Mtu anayekuidhinishia likizo na kuandika ripoti yako ya mwaka ni vigumu kumwambia "hapana". Kama pana daktari mwingine asiye chini yake, mkabidhi kwa maandishi. Kama hakuna, usimpakie kwenye ambulansi kwa ajili ya haya zako tu. Baki naye, ila tafuta bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au Mulago, hospitali ya taifa kule Kampala, wa kushauriana naye kwa simu kila siku. Jina lake, saa mliyoongea na alichoshauri viingie kwenye faili. Unapotaka kumpinga Mzee, shauri la mtu wa cheo chake litakubebea nusu ya mzigo.

Mwenye uamuzi awe mmoja, na jina lake liandikwe juu ya chati. Daktari akilazwa, wenzake huja kumjulia hali na kila mmoja huacha agizo: wa watoto anabadilisha antibayotiki, wa wajawazito anaongeza vitamini, rafiki wa zamani anapiga simu kutoka Kampala anataka picha ya CT. Hao wote wanampenda. Wapokee, wasikilize, washukuru, kisha agizo uandike wewe au lisiandikwe.

Sasa nenda ukaongee naye. Usiyaongelee haya kwenye raundi mbele ya mainteni, yaani madaktari wapya walio mafunzoni. Nenda jioni wadi ikitulia, vuta kiti, kaa, ili asikutazame kwa kuinua shingo. Maneno yawe machache: "Mzee, naomba ruhusa nikutibu kama ninavyomtibu kila mtu. Nitakuuliza maswali unayoyajua, nitakupima mwili mzima, na dawa nitaandika mimi. Ukiona nakosea niambie, nitasikiliza. Ila kalamu ibaki kwangu mpaka utakapotoka." Wengi hushusha pumzi wakiambiwa hivi. Anayejitibu siku tisa hajalala vizuri siku tisa. Anabeba ugonjwa na uamuzi wake kwa pamoja, na anatamani mtu amtue kimojawapo.

Akikubali, anza historia upya, kana kwamba hukuwahi kumwona. Na kwa homa ya siku tisa ya mtu anayeingiza mikono ndani ya matumbo ya watu hapa Uganda, swali la kwanza ni la kazi yake: katika siku 21 zilizopita amempasua nani, nani kati ya hao alitokwa damu bila sababu au alifariki ghafla, alichomwa na sindano, alirukiwa na damu machoni? Siku 21 ndizo mwisho wa Ebola kujificha mwilini kabla ya dalili. Mlipuko uliotangazwa Septemba 2022 na kumalizika Januari 2023 ulithibitishwa kwa watu 142, wakiwemo wahudumu wa afya 19. 7 kati ya hao 19 walifariki. Mwaka 2025, mtu wa kwanza kuthibitishwa katika mlipuko uliotangazwa tarehe 30 Januari alikuwa muuguzi wa Kampala, ambaye kabla ya kufariki alipita vituo kadhaa vya tiba. Kwa hiyo ukipata jibu lolote la kukutia shaka, Mzee anahamia chumba cha peke yake sasa hivi, timu ya wilaya inapigiwa simu, na hakuna sampuli ya kawaida inayokwenda maabara mpaka wakuelekeze.

Hapa kila Mganda anamkumbuka Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu. Mwaka 2000 ndiye aliyeishtukia Ebola mapema na kuwafundisha wauguzi wake kujikinga hatua kwa hatua. Usiku mmoja wa Novemba muuguzi wake, mgonjwa wa Ebola, alianza kutokwa damu nyingi. Dkt. Lukwiya aliingia haraka kumsaidia, amevaa barakoa, gauni na glavu, lakini macho hayakufunikwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Aliyekuwa kitandani usiku ule alikuwa mwenzake wa kazi, na kilichokosekana kilikuwa kifaa kimoja. Unapomhudumia mwenzako, hesabu vifaa vyako mara mbili mlangoni, maana huruma huharakisha miguu.

Baada ya kazi, dawa. Usiulize "umemeza chochote?" kwa sababu atajibu "vidonge viwili vitatu tu". Muombe mkewe alete mfuko wenyewe kutoka nyumbani: maganda, vichupa vilivyoisha, hata vile vya mfuko wa koti. Vimwage mezani, mvihesabu pamoja. Kila kimoja kina kitu kinachoficha. Kipimo cha haraka cha malaria hukaa kikisoma "ndiyo" kwa wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwezi, baada ya vimelea kufa. Aliyemaliza dozi juzi anahitaji slaidi chini ya hadubini, vinginevyo utamtibu malaria isiyokuwepo. Ceftriaxone ya siku tatu inaweza kuzima bakteria kwenye chupa ya kuoteshea damu huku jipu la ini likiendelea kukua. Antibayotiki za ciprofloxacin na levofloxacin hupunguza kikohozi cha TB, zikachelewesha jibu kwa wiki nyingi. Asizimeze tena kabla ya makohozi kwenda GeneXpert, mashine ya kupima TB. Diclofenac, dawa ya maumivu, hulainisha tumbo ambalo lingekuwa gumu chini ya kiganja chako na huumiza figo za mtu asiyekunywa maji. Dexamethasone, dawa ya steroidi, hushusha homa, humchangamsha mgonjwa na hupandisha sukari, na madaktari huichoma kwa urahisi mno "kupata nguvu ya zamu". Kwa sauti ile ile ya kawaida uliza pia dawa kali za maumivu kama tramadol na pethidine, dawa za usingizi na pombe. Ukishusha sauti kwenye swali la pombe, umemfundisha kuficha.

Kisha muulize: "Mzee, wewe unadhani ni nini? Na ni ugonjwa gani unaouogopa zaidi?" Andika majibu yote mawili. La kwanza litakuonyesha kwa nini alijitibu alivyojitibu. La pili mara nyingi ndilo lililomchelewesha. Lakini usilichukue jibu lake kuwa utambuzi wako. Akisema taifodi, taifodi ikae kwenye orodha pamoja na TB, jipu la ini, HIV, maambukizi ya vali za moyo na brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Kwa brusela, uliza kama anafuga na kama hunywa maziwa mabichi. Bingwa mwenye ng'ombe kijijini si jambo geni. Kipimo kimoja cha Widal, kile cha damu cha taifodi, kisiamue lolote hapa.

Sasa mpime. Pazia livutwe, awepo muuguzi wa kiume, avue shati na suruali, alale chali. Apande mizani pia. Wakubwa huandikiwa "kilo 70" kwa kukisia, halafu dozi zinakosewa: artesunate ya malaria kali ni miligramu 2.4 kwa kila kilo, saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza. Kilo zake huzijui mpaka apande. Tafuta tezi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Sikiliza moyo akiwa amelala, kisha ameketi. Gonga uti wa mgongo pingili kwa pingili. Bonyeza kati ya mbavu za chini upande wa kulia; uso ukikunjamana, ultrasaundi ya ini ifanyike leo hii.

Halafu kipimo ambacho vijana wote hukiacha kwa mwalimu wao: kidole kwenye njia ya haja kubwa. Homa ya muda mrefu kwa mwanamume wa rika lake inaweza kuwa imekaa kwenye tezi dume, na hakuna picha ya kifua itakayokuambia. Mwambie unachotaka kufanya na kwa nini, pata ridhaa, paka mafuta, gusa taratibu. Tezi ikiwa na moto na maumivu usiikande, maana unaweza kusukuma bakteria kwenye damu. Ukishindwa kabisa, muombe mwenzako afanye, lakini kifanyike. Kwenye faili usiandike "kimeahirishwa" siku tatu mfululizo.

Damu ya kuotesha bakteria maabara ichukuliwe kabla tu ya dozi inayofuata ya antibayotiki, mikono yote miwili, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Watu huweka mililita mbili halafu wanalaumu maabara. Ikirudi tupu na bado unashuku taifodi, uboho wa mfupa unaweza kuiotesha hata baada ya siku kadhaa za dawa, kama rufaa ya kuutoa inawezekana. Kumbuka pia kwamba taifodi inayotibiwa sawasawa inaweza kuendelea na homa siku 4 hadi 6. Usibadilishe antibayotiki siku ya pili kwa sababu Mzee amekukunjia uso. Ongeza sukari, kreatinini ya kupima figo, hesabu ya chembe za damu, mkojo, picha ya kifua, na kipimo cha HIV kwa maneno yale yale unayompa kila anayelazwa. Kutokumpima ndiko kumbagua.

Tuje kwenye dripu. Utamkuta saa nne usiku, mkono wenye kanula umelala juu ya shuka, ule mwingine umefika kwenye kile kigurudumu cha mpira, kidole gumba kinakisukuma juu, macho yanahesabu matone. Kwake hiyo ni mazoea ya miaka 30. Lakini kama ndani ya chupa umeweka potasiamu, kasi isizidi milimoli 10 kwa saa kwa mgonjwa asiye na mashine ya moyo, na anayehesabu matone ana homa ya 39. Kama ni kwinini, kasi inashusha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Usimfokee. Eleza kilichomo na kasi uliyoandika, bandika utepe wenye jina la dawa, saa iliyoanza na matone kwa dakika, kisha isogeze stendi upande ambao mkono wake haufiki. Hilo la mwisho linasaidia kuliko hotuba.

Kwa masista, ongea nao kabla ya zamu kubadilishana. Wanachoogopa ni kulaumiwa na pande zote mbili. Wape sentensi ya kusema: "Daktari wa zamu ameagiza, Mzee; ukitaka libadilike nampigia sasa." Na wakipiga, pokea, hata saa tisa usiku. Kila ombi lake la dawa lipite kwako, hata paracetamol. Chati ikiwa na miandiko miwili, siku moja dawa moja itatolewa mara mbili.

Katika kumweleza ndipo tunapokosea kimyakimya zaidi. Tunasema nusu sentensi, tukidhani ataimalizia. Bingwa wa upasuaji huenda alipanga dozi ya insulini mara ya mwisho akiwa mwanafunzi, na dawa za TB alizisoma kabla ya miongozo kubadilika. Hata anachokijua, homa na hofu hukisukuma mbali. Sema: "Haya unayajua, lakini nitayasema yote, maana leo umekuja kama mgonjwa." Andika kwenye karatasi jina la dawa, kiasi, saa, na dalili itakayomrudisha haraka. Kisha umwombe akurudishie kwa maneno yake. Mkewe awepo, Mzee akiridhia.

Kuhusu siri, hospitali ndogo haina kuta. Kabla ya saa sita mchana fundi maabara amejua, mpishi amejua, na kundi la WhatsApp la wafanyakazi lina dua ya uponyaji yenye jina la ugonjwa. Chukua hatua za vitendo: fomu ya maabara itumie namba ya faili, majibu yaje kwako kwenye bahasha, faili likae kwenye droo yenye kufuli badala ya kuning'inia miguuni pa kitanda. Wenzako waelezwe wazi kwamba kuja kumsalimia hakuwapi ruhusa ya kulifungua. Sheria ya Uganda ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019 inamlinda yeye kama inavyomlinda mkulima. Kama jibu la HIV ni chanya, muulize angependa kuchukulia wapi dawa. Wahudumu wengi huchagua kliniki ya mbali ili wasionekane, halafu nauli na zamu zinawashinda, wanakosa miadi. Akiwa ametulia anaweza kupewa dawa za miezi 3 hadi 6 kwa safari moja, na hiyo hupunguza sana sababu ya kujificha.

Kama katika historia utagundua alichomwa sindano karibuni, hesabu saa. Ndani ya saa 72 bado kuna PEP, dawa za kuzuia HIV baada ya ajali: tenofovir, lamivudine na dolutegravir mara moja kwa siku kwa siku 28, na kila saa inayopita inapunguza faida. Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kukikamua hakusaidii. Kosa la kawaida la daktari ni kufungua kabati, kumeza vidonge na kutomwambia mtu. Hana kipimo cha mwanzo cha HIV, kwa hiyo hatajua kama tayari alihitaji tiba ya kudumu. Hana kipimo cha homa ya ini B, na hapo pana mtego: tenofovir na lamivudine huizuia pia homa ya ini B, hivyo mwenye virusi hivyo akiziacha ghafla siku ya 28, ini linaweza kuwaka. Hana kreatinini. Na mwezi wa tatu, anapotakiwa kupimwa tena, hakuna anayemkumbusha. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3, mwezi 0, wa 1 na wa 6. Uliza alipata zote, maana wengi wetu tuliishia ya pili.

Kuna swali moja zaidi ambalo huulizwi na mtu ila lazima uulize: "Mzee, umekuwa ukilala? Umewahi kufikia kuwaza afadhali usingekuwepo?" Swali hilo haliingizi wazo kichwani mwa mtu. Likijibiwa ndiyo, usimwache peke yake, funguo za kabati la dawa zichukuliwe na mwingine, na uongee na daktari wa magonjwa ya akili siku hiyo hiyo, wa mkoa au wa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Tangu mwaka 2017 Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari duniani, lina sentensi inayomtaka daktari aitunze afya yake ili awatibu wengine vema. Unaweza kumkumbusha, kwa upole.

Malipo yasikusumbue. Kutibiana bure ni desturi ya zamani ya fani yetu. Thomas Percival wa Manchester aliiweka kwenye kitabu chake cha maadili ya udaktari mwaka 1803. Ubaya wake ni kwamba asiyelipa huona haya kurudi. Ndiyo maana usimruhusu aende na "nitakupigia". Mwandikie barua ya kutoka hospitalini kama ya mgonjwa mwingine: utambuzi, dawa na tarehe za kuisha, vipimo ambavyo majibu hayajarudi na nani atayafuata, siku za mapumziko, na miadi ya kliniki yenye tarehe na saa, faili likiwa limetolewa kabla hajafika. Kurudi thieta uamue wewe na bingwa mnayeshauriana naye: siku kadhaa bila homa, anakula, anaweza kusimama saa mbili bila kutetemeka. Akikutumia ujumbe wiki ijayo kuuliza kama amalizie ile levofloxacin iliyobaki nyumbani, usijibu ndiyo wala hapana kwenye simu. Mwambie Jumanne, saa tatu asubuhi, aje nayo.